Ulikuwa Unafanya Nini Mbele ya Kuanguka?

Vijana wa maternité, nyumba ya uzazi, ya Bulengera waliniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau. Niliwaambia mkunga hasahau, ila anachanganya majina, maana sisi Wanande tunaitana kwa mpangilio wa kuzaliwa, na katika chumba kimoja cha wazazi unaweza kumwita Masika wakaitika wanne. Sitaandika juu ya vyeo. Nilivyopewa havikubadili kazi ya mikono yangu, na juu ya mshahara wa muuguzi, ninyi wenyewe mnajua. Nitaandika juu ya jambo moja ambalo sikuacha kulichunguza tangu nilipoanza kazi mpaka nilipovua koti jeupe: wanawake wenye mimba wanaosikia kizunguzungu, na wale wanaoanguka chini kabisa.

Nilianzia Masereka, kule juu kwenye baridi. Nilitoka shuleni na viatu vyeupe vipya, na matope ya njia yalivichukua kabla sijafika kwenye mlango wa kituo cha afya. Niliona aibu kuingia. Mkunga mkubwa wa pale, Mama Soki, aliviangalia tu akasema, "Karibu Masereka. Vua, vaa boti." Alikuwa mwanamke mfupi, Mprotestanti wa kuimba kwaya, mwenye sauti nene iliyofika bondeni. Sikuwahi kumwona akikimbia.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa siku ya CPN, yaani siku ya kupima wenye mimba. Bamama walikuwa wamepanga mstari kwenye baraza tangu asubuhi, wengine wametoka moja kwa moja kwenye mashamba ya viazi na jembe bado mkononi. Mmoja wao, katikati ya mstari, aliyumba kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, kisha magoti yakamwishia, akaanguka. Ikawa vurugu. Mmoja alimmwagia maji, mwingine alimpiga makofi mashavuni, mwingine alianza kukemea pepo. Mimi nilisimama na chombo changu kipya cha kupimia tension, yaani nguvu ya damu, nikijiuliza nianze na mkono gani.

Mama Soki alitoka ndani polepole. Aliwaambia watu wasogee wasimzibie hewa. Akamgeuza yule mama alale upande wa kushoto, akaweka miguu yake juu ya kigoda, akamlegeza mkanda wa kitenge tumboni. Kisha akafanya jambo lililonishangaza kuliko yote: akakaa chini, akangoja. Baada ya muda mfupi mama akafungua macho. Nilidhani ataulizwa anaumwa wapi.

"Ulikuwa unafanya nini mbele ya kuanguka?" Mama Soki akamuuliza.

"Nilikuwa nasimama tu."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu jua kutoka."

"Na ulikula nini?"

"Bado kula. Niliogopa kuchelewa."

Mama Soki akanigeukia. "Unaona? Haujapima kitu, na umekwisha kujua nusu. Alors, pima sasa, tuone nusu ingine."

Nilipima. Tension ilikuwa chini kidogo, inapanda. Niliangalia ndani ya kope za macho, zilikuwa nyekundu vizuri, kwa hiyo damu ilikuwapo. Mama alipewa uji, akanywa, akarudi kwenye mstari. Lakini safari hii alikaa, kwa sababu Mama Soki aliamuru benchi za kanisa la jirani ziazimwe kila siku ya CPN. Wenye benchi walinung'unika. Sikuwahi kusikia zimerudishwa.

Usiku huo nilimsumbua kwa maswali, naye hakuchoka kunijibu. Mimba inalegeza mishipa ya mwili mzima, alisema, ili damu imfikie mtoto. Mishipa ikilegea, tension inashuka. Mama akisimama muda mrefu bila kusogeza miguu, damu inakaa chini miguuni, kichwa kinabaki kikavu, na mwili unajiangusha wenyewe ili kichwa kifike mahali damu ilipo. "Kuanguka kwenyewe njo dawa," alisema, ndiyo dawa yenyewe. "Batu banaharibu wakimuinua mbio." Nilikuwa nimesoma hayo yote shuleni kwa Kifaransa, lakini sikuwa nimeyaelewa mpaka nilipoyasikia yakisemwa na mtu anayemenya viazi.

Tulikuwa na kitanda kimoja cha kupimia, kilichokaa karibu na dirisha, na kitanda hicho kilikuwa na sifa mbaya. Mama mwenye mimba kubwa akilazwa pale, baada ya muda mfupi anatoka jasho, midomo inapauka, anasema, "Ninaona giza." Akitoka nje anapona. Watu walisema kuna mtu aliyekufia juu yake akaacha roho. Mke wa katekista alikuja siku moja na maji ya baraka akanyunyiza chini ya miguu ya kitanda. Mama Soki, pamoja na Uprotestanti wake, alimwacha anyunyize. Alisema hayo maji hayadhuru mtu na sakafu ilihitaji kuoshwa.

Mimi nilitaka kujua. Kwa nini wa mimba changa hawasikii kitu juu ya kitanda kilekile? Nilipomuuliza, alinipeleka nyuma ya jengo, pale mpira wa maji ulipopita ukitoka kwenye chemchemi kwenda kwenye pipa letu. Akaniagiza gunia la viazi kutoka jikoni.

"Weka juu ya mpira."

Nikaliweka. Maji yaliyokuwa yakiingia kwenye pipa yakapungua, yakawa matone.

"Viringisha kwa upande."

Nikalisukuma gunia, na maji yakarudi kwa nguvu yakanirukia usoni.

"Mutoto wa miezi munane ni gunia," Mama Soki akasema. "Nyuma yake, pembeni ya mugongo, kuko mushipa mukubwa wenye kurudisha damu ku moyo. Ukimulalisha mama chali, gunia inakanyaga mpira. Mulalishe upande wa kushoto, ao umuwekee nguo chini ya kiuno, basi, roho ya kitanda itatoka."

Ikatoka. Kuanzia hapo nilipowapima wenye mimba kubwa nilifanya haraka nikiwa nimewaegemeza, na kitanda cha dirishani hakikumsumbua mtu tena. Mke wa katekista aliamini ni maji yake. Hatukumbishia.

Nilikaa Masereka mpaka mikono yangu ikazoea. Kisha nikatumwa Mbau, kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha, na huko nilikutana na joto. Yale niliyoyaona mara moja moja mlimani, Mbau niliyaona kila siku. Akina mama walianguka shambani kwenye kakao, walianguka jikoni mbele ya moto, walianguka wakitoka chooni, walianguka kanisani wakati wa somo refu. Nikawa nawauliza wote swali la Mama Soki, na majibu yao yalinifundisha. Yule wa jikoni alikuwa ameinama juu ya sufuria ya bugali kisha akainuka ghafla. Yule wa chooni alikuwa anaharisha tangu jana na hakunywa maji. Wa kanisani alikuwa amefunga kula kwa sababu ya ibada, akanificha kwamba ana mimba, na mimba nayo haikuwa imefichika. Mwingine alikuwa na kope nyeupe kama karatasi, malaria na minyoo vimemmaliza damu, na huyo hakuhitaji ushauri wa kukaa chini, alihitaji dawa na vidonge vya chuma, na sombe, yaani kisamvu, maharagi na samaki wadogo wa sambaza kila alipopata. Nilimwambia asinywe vidonge na chai, bali na ndimu au chungwa. Wengi walifanya kinyume, kwa sababu chai ndiyo iliyokuwapo.

Kwa hiyo nikawa na maneno yangu ya kila CPN, na bamama waliyajua hata wakawa wananitangulia kuyasema. Usitoke kitandani kama askari aliyeitwa, kaa kwanza, miguu iguse chini. Kula kidogo kabla ya kuinuka, hata kipande cha muhogo kilicholala. Ukisimama kanisani chezesha vidole na ukanyage huku na huku, Mungu hatasema unacheza. Ukiona giza, usipigane nalo, kaa au lala pale pale ulipo, hata kama ni katikati ya soko, maana udongo wa soko unaoshwa, lakini jino lililovunjika halirudi. Na usichote maji kwenye kisima kirefu wala kupanda moto, yaani pikipiki, siku kichwa kinapozunguka.

Katika wale bamama wa Mbau alikuwapo mmoja aliyeitwa Kavira. Aliuza ndizi mbivu na mafuta ya mawese katika chupa pembeni ya barabara, karibu na mahali magari yanapopunguza mwendo. Alikuwa ameolewa na kijana mkulima wa kakao, Kasereka, na walikuwa wamengoja mimba kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walikuwa wameacha kuwauliza. Siku alipokuja kwangu alikuja na mama mkwe wake, Nyanya Masika, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, ambaye alikaa kwenye kiti cha mgonjwa na kumwacha mgonjwa amesimama.

"Ana mimba," Nyanya Masika akatangaza. "Na kichwa inamuzunguka."

Nikamwomba Kavira ajibu mwenyewe. Akasema anapoinuka kutoka kwenye kigoda chake cha kuuzia, barabara yote inageuka. Hajaanguka. Hana maumivu, hana homa. Malaria haikuonekana. Mimba ilikuwa changa sana, bado haijafika hata kushikika kwa mkono.

"Ni ya kawaida," nikamwambia. "Lakini nisikilize vizuri. Kama tumbo itakuuma upande moja, ao damu ikitoka, ao ukianguka na haupone mbio, usingojee jua ishuke. Kuja."

"Aah," Nyanya Masika akasema. "Mie mimba yote niliangukaka. Mimba ya Kasereka nilianguka ndani ya muto na nguo zote. Njo mimba za kwetu."

Kavira alicheka, akanishika mkono. "Wasingya, Mama Kanyere," akanishukuru kwa Kinande. Alikuwa na furaha iliyomfanya atembee kwa tahadhari, kama aliyebeba chungu kilichojaa.

Hazikupita siku nyingi. Mchana mmoja wa jua kali wanawake wa barabarani walimleta wamembeba kwenye kitenge, wawili mbele, wawili nyuma, Nyanya Masika akifuata na kikombe. Wote walisema kwa pamoja: jua. Amepigwa na jua, hajala, mimba inamsumbua. Na kweli ilikuwa siku ya kuanguka, nilikuwa nimekwisha kuwalaza wengine asubuhi hiyo na kuwarudisha nyumbani.

Nikamlaza kwa upande, nikainua miguu yake, nikangoja kama nilivyofundishwa. Kavira alifungua macho, lakini hakurudi. Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Waliopigwa na jua wakilala wanarudi, rangi inapanda usoni, wanaona aibu, wanatafuta kitambaa chao cha kichwa. Kavira alibaki pale pale mbali. Midomo ilikuwa nyeupe, mikono baridi kwenye joto lile.

"Alikuwa anafanya nini mbele ya kuanguka?" nikawauliza wale wanawake.

"Alikuwa anauzisha."

"Alikuwa amesimama?"

Wakaangaliana. "Hapana," mmoja akasema. "Alikuwa amekaa. Chini ya mwamvuli yake. Alikula hata ndizi."

Amekaa, kivulini, ameshakula. Kila jibu nililolijua halikutosha. Nikashika mkono wake kutafuta mapigo, yakawa ya mbio na membamba kama uzi. Tension ilikuwa chini, nikapima tena, ikawa chini zaidi. Nikaweka kiganja juu ya tumbo upande wa kulia chini, hata sikubonyeza, akaruka.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu asubuyi," Kavira akanong'ona. "Kidogo tu."

Nyanya Masika alikuwa anakoroga sukari ndani ya kikombe. "Mais hata bega analalamikia," akasema, kama mtu anayesema juu ya mtoto mvivu. "Bega! Nikamuuliza, umebeba nini? Anasema, sikubeba kitu."

Hapo mimi nikakumbuka. Shuleni tulifundishwa jambo moja ambalo niliona la ajabu hata nikalikumbuka kwa sababu ya ajabu yake: damu ikimwagika ndani ya tumbo, inapanda mpaka chini ya mapafu, inagusa mshipa wa hisia unaotoka shingoni, na mtu anaumwa bega ambalo halina kosa lolote. Mimba ya Kavira haikuwa imekaa kwenye nyumba ya mtoto. Ilikuwa imekwama njiani, kwenye mrija mwembamba, na mrija ulikuwa umepasuka.

Nyanya Masika alimwinamia amnyweshe chai. Nikaweka mkono juu ya kikombe.

"Hapana, Nyanya. Hapana chai, hapana hata maji."

"Mutoto ana njaa!"

"Dokta atamupasua. Tumbo inapaswa kuwa bure, hapana kitu ndani."

Kikombe kilibaki hewani. Nilimwona akilielewa neno lile, kupasua, na nikamwona akizeeka. Hakubishana tena. Aliweka kikombe chini, akafunga kitenge chake vizuri, akaniuliza, "Nifanye nini?"

"Mutafute Kasereka. Na utafute gari. Haiko moto, gari."

Hilo nataka vijana mlisikie. Wenye moto wa Mbau ni watu wema na wana haraka, na mmoja alikuwa tayari amewasha. Lakini mtu anayevuja damu ndani, ukimkalisha wima katikati ya watu wawili, atazimia kwenye kona ya kwanza, na damu kidogo iliyobaki itashuka miguuni. Anapaswa kulala. Wakati Nyanya Masika anatafuta, niliingiza sindano ya serum, maji ya dripu, kwenye mshipa, mshipa wenyewe ulikuwa unanikimbia, kisha nikampigia simu dokta wa hospitali moja ya Beni. Nilimweleza. Akaniuliza swali moja tu.

"Na bega?"

"Bega pia."

"Mulete. Tunafungua bloc," akasema, chumba cha kupasulia.

Gari lilipatikana, kamioneti ya mfanyabiashara iliyokuwa imebeba kakao. Dereva alitaka kushusha magunia. Nilimwambia ayaache. Tulimlaza Kavira juu yake, miguu juu ya gunia moja zaidi, nami nikapiga magoti kando nimeinua serum. Kasereka alifika akikimbia kutoka shambani, panga bado mkononi, akaruka ndani. Nyanya Masika alikaa mbele na dereva. Harufu ya kakao ilikuwa kali, na mpaka leo chokoleti, ambayo wazungu wanaisifu, mimi inanifanya nishike mapigo ya jirani.

Hatukufika mbali. Kwenye kizuizi askari walikuwa wamesimamisha magari yote, risasi zilisikika mbele huko asubuhi. Askari mmoja kijana alikuja upande wetu. "Mama, nzela ekangami. Bozonga." Barabara imefungwa, mrudi.

Nilimwonyesha Kavira. Akachungulia ndani ya kamioneti.

"Azali kokufa?" akauliza. Anakufa?

"Bado," nikamjibu. "Inategemea wewe."

Sikusema kwa ujasiri, nilisema kwa sababu ilikuwa kweli. Akapiga filimbi, akazungumza na mkubwa wake, mkubwa akaja naye akachungulia. Nyanya Masika aliteremka. Nilidhani atapiga kelele. Alisimama mbele ya yule mkubwa, mrefu kumpita, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, njo bibi ya mutoto wangu. Niko na yeye moja tu." Mkubwa akainua mti wa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe. Alituambia tuende bila kusimama. Dereva hakuhitaji kuambiwa mara mbili, na njia ile yenye mashimo ilimtikisa Kavira hata nikamlalia nusu ili asiruke.

Nilimzungumzisha njia nzima. Nilimuuliza bei ya ndizi. Alinijibu, kisha akanijibu kwa kichwa, kisha akaacha.

Dokta alikuwa mlangoni na machela. Kasereka alitolewa damu, ikalingana. Nyanya Masika naye alikunja mkono wa blauzi na kumwambia muuguzi achukue yake yote. Walimkatalia kwa sababu ya umri, akachukia kabisa, na aliwasema wale vijana wa maabara mpaka mlango wa bloc ulipofunguka.

Dokta alitoka, kofia mkononi, jasho usoni. "Anaishi," akasema. Tumbo lilikuwa limejaa damu. Mrija mmoja umeondolewa, mwingine ni mzima. Kasereka aliketi chini pale kwenye korido, akaweka kichwa katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikamwinua miguu mwanamume.

Nilirudi Beni kumwona alipokuwa na nguvu ya kuzungumza. Alikuwa amegeukia ukuta. Alisikia hatua zangu, akauliza bila kugeuka:

"Mama Kanyere. Mutoto alikuwa wapi?"

Nilikaa kitandani. Nilimwonyesha kwa mikono yangu: ngumi hii ni nyumba ya mtoto, vidole hivi viwili ni mirija, huku na huku. Mimba inaanzia kwenye mrija, inatembea taratibu mpaka ndani ya nyumba. Ya kwako ilisimama njiani. Pale ni pembamba, hapana nafasi ya kukua.

Akageuka kuangalia vidole vyangu. Aliniomba nimwonyeshe tena, nikamwonyesha.

"Ni mie nilifanya nini? Nilibeba mafuta mingi?"

"Hapana. Haukufanya kitu. Hata ungelala kila siku, ingesimama pale pale."

Hapo ndipo alipolia, na nikamwacha alie. Nyanya Masika aliyekuwa kwenye kigoda alivuta mkono wa Kavira akauweka mapajani pake, akawa anausugua kama mtu anayepasha moto mkono wa mtoto aliyetoka kwenye mvua. Aliniuliza mimi, kwa ukali wake uleule, kama mrija mmoja unatosha. Nikasema unatosha. Akaniambia nirudie ili Kavira asikie.

Mambo ya huku kwetu mnayajua. Ilifika siku ambayo Mbau haikukalika kwa vita, watu wakabeba walichoweza wakashuka Beni, na wengi wakaendelea mpaka Butembo. Mimi nami nilipewa kazi Bulengera, kwenye maternité ndogo katikati ya nyumba na maduka, ambako wagonjwa walifika kwa miguu au kwa moto, na ambako nilianza tena kuazima benchi. Bamama waliokimbia walianguka kuliko wengine, na jibu la swali langu lilikuwa refu: walilala watu wengi chumba kimoja, walikula mara moja, walitembea kutafuta kibarua, walikuwa hawajalala. Kuna waliosikia kizunguzungu kila waliposikia mlio wa pikipiki, wakidhani ni risasi. Kwa hao nilijifunza kukaa tu, kama Mama Soki, na kungoja.

Ndipo asubuhi moja nikasikia nje sauti ninayoijua ikimwamuru mtu ampishe mkwe wake. Nyanya Masika aliingia, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Kavira alikuwa nyuma yake, amekonda, na macho yaliyojaa hofu.

"Ana mimba," Nyanya Masika akasema. Safari hii hakusema zaidi.

Niliwapeleka siku hiyohiyo kwenye eko, mashine ya kuonyesha tumbo, kwa sababu mwanamke aliyewahi kupata mimba ya njiani hapaswi kungoja. Mimba ilikuwa mahali pake. Fundi wa eko alimwonyesha Kavira kidoa kinachopigapiga katikati ya kivuli. Kavira aliinua ngumi yake akaiangalia, kisha akaangalia ile picha.

Hata hivyo kizunguzungu kilirudi, na kila kilipokuja alikimbia kwangu akiwa ameshika bega. Sikuwahi kumcheka. Nilimpima kila mara, tumbo, kope, mapigo, tension, nikamrudisha nyumbani. Mimba ilipokuwa imekwisha kuonekana, Jumapili moja tulikuwa wote kanisani, watu wamejaa mpaka milangoni. Wakati wa Injili, tumesimama, niliona kitambaa chake kikishuka katikati ya vichwa.

Nilipofika walikuwa wameshamzunguka. Mmoja alikuwa na chupa ya maji tayari. Nyanya Masika alikuwa amepiga magoti, amemgeuza mwenyewe upande wa kushoto, ameweka mkoba wake chini ya miguu ya Kavira, na anawafukuza watu kwa kitambaa. Kavira akafungua macho, akanitafuta.

"Ni ile?" akaniuliza.

Nilimgusa tumbo, lilikuwa laini na lilinipiga teke. Niliangalia rangi ya midomo, ilikuwa inapanda. Mapigo yalikuwa ya mtu, si ya uzi. "Bega?" nikamuuliza. Alifikiri. Alilisogeza bega kwa tahadhari, mbele, nyuma, kama anayejaribu nguo.

"Hapana kitu."

"Basi haiko ile. Ni kusimama tu. Ni ya kawaida."

Alianza kucheka pale sakafuni, taratibu, kisha kwa nguvu hata watu wa viti vya mbele wakageuka, na padri akainua macho kutoka kwenye kitabu. Aliisikiliza Injili iliyobaki akiwa amelala, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Alijifungua katika mwezi wangu wa mwisho wa kazi, mchana, mvua ikinyesha juu ya mabati hata tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Mtoto wa kike, mwenye kilio cha nyanya yake. Nilipomaliza kumsafisha Kavira, aliketi ukingoni mwa kitanda na mtoto kifuani, miguu ikigusa sakafu, akauangalia mlango ambao nyuma yake Nyanya Masika alikuwa anagonga kwa mara nyingine.

"Mama Kanyere, ninaweza simama?"

"Kaa kwanza."

Nami nikakaa kando yake. Tukangoja, sisi watatu, tuone kama nyumba itazunguka. Haikuzunguka.